Naomba ushauri: kompyuta mpya, modi za grafiki kwenye Skyrim, na gemu inayozimika kila nifikapo lango la Whiterun

Mtu wa Kihonda ameandika:

Wanajamvi, nawasalimu nyote.

Kwa miaka sita nimecheza gemu ya Skyrim kwenye kompyuta mpakato niliyoachiwa na kaka yangu, mipangilio yote ikiwa imeshushwa hadi chini kabisa, kiasi kwamba milima ilionekana kama udongo uliokandwa na nyasi zilikuwa zikichipuka hatua chache tu mbele yangu. Mwezi uliopita, baada ya kudunduliza kwa zaidi ya mwaka, nilifanikiwa kununua kompyuta ya mezani. Kadi ya grafiki ni RTX 4060 yenye GB 8, RAM ni GB 16, diski ni SSD, na skrini ni ya 1920 kwa 1080 inayofika fremu (picha) 144 kwa sekunde. Gemu ni Special Edition, ile iliyotoka mwaka 2016, na nimeinunua kwenye duka la mtandaoni la Steam.

Siku ya kwanza niliingia Nexus Mods na kupakua modi (nyongeza zinazotengenezwa na mashabiki) zipatazo 40 za kuboresha mwonekano, na kila palipokuwa na chaguo la 4K nilichukua hilo, kwa kuamini kwamba kompyuta mpya haiwezi kushindwa na gemu ya zamani. Nilizifungua moja baada ya nyingine na kuzimwaga zote ndani ya folda ya Data, na kila nilipoulizwa kama faili la zamani lifutwe nilikubali.

Matokeo yake yamenisikitisha sana. Mkokoteni wa mwanzo wa gemu unarukaruka na kupinduka kabla hatujafika Helgen. Riverwood kuna kuta mbili za zambarau tupu. Nikigeuza kichwa haraka picha inakwama kwa nusu sekunde, kisha inaendelea. Na nikifungua lango la mji wa Whiterun gemu inazimika bila ujumbe wowote na kunirudisha kwenye Windows.

Je, kompyuta niliyouziwa ina tatizo, au ni mimi niliyekosea? Na kama ni mimi, nianzie wapi ili gemu hii niipendayo ipendeze bila kuanguka? Naomba kuwasilisha.

---

Fundi wa Usiku amejibu:

Mkuu, hongera kwa kompyuta, na uondoe hofu, kwani haina tatizo lolote. Ulichonacho ni maradhi manne tofauti yaliyokuja kwa pamoja, na kila moja lina dawa yake.

Mkokoteni unapinduka kwa sababu mahesabu ya fizikia ya Skyrim yamefungwa kwenye kasi ya fremu. Gemu ilitengenezwa kwa kukusudia fremu 60 kwa sekunde, na wewe sasa unaiendesha kwa 144, hivyo vitu vinasukumwa kwa nguvu isiyo yake. Kwenye kompyuta mpakato ya zamani hukuliona jambo hili kwa kuwa hukuwahi kuzifikia hizo 60. Fungua mipangilio ya draiva ya NVIDIA, uiwekee gemu hii kikomo cha fremu 60, nawe utaona mkokoteni umetulia. Ukitaka kuzidi hapo bila madhara, ipo modi inayoitwa SSE Display Tweaks inayorekebisha uhusiano huo, lakini nakushauri uiache kwa sasa.

Zambarau maana yake ni kwamba gemu imeambiwa ivishe ukuta tekscha fulani, yaani picha ya uso wa kitu, na haikuipata. Mara nyingi modi moja imeleta umbo jipya la ukuta linalodai faili ambalo halipo, ama kwa sababu lilikuwa kwenye sehemu ya pili ya upakuaji ambayo hukuichukua, ama kwa sababu limekaa kwenye folda isiyo yake.

Kuhusu kuzimika langoni, naomba utuambie jambo moja: je, modi zote ulizitoa kwenye ukurasa wa Skyrim Special Edition, au zipo ulizochukua kwenye ukurasa wa Skyrim ya mwaka 2011?

---

Mtu wa Kihonda ameandika:

Asante sana, mkuu. Nimerudi kuangalia, na nimekuta tatu ni za ukurasa wa zamani, mojawapo ikiwa ya majengo ya Whiterun. Sikujua kwamba kuna tofauti.

---

Fundi wa Usiku amejibu:

Basi mhusika nadhani tumempata. Skyrim ya 2011 ilikuwa ya biti 32, na hii yako ni ya biti 64, na namna maumbo yanavyohifadhiwa ndani ya faili ilibadilika. Tekscha za zamani kwa kawaida husomeka, ila maumbo ya zamani ambayo hayajageuzwa yanaweza kuiangusha gemu palepale yanapopakiwa, na mji wa Whiterun hupakiwa unapofungua lango lile. Kuna programu ya kuyageuza, Cathedral Assets Optimizer, lakini kwa anayeanza ni salama zaidi kutafuta modi iliyotengenezwa kwa toleo lako.

---

Mwanahawa K. amejibu:

Ndugu yangu, mimi niongelee huko kukwama kwa nusu sekunde, maana nilipoteza wiki nzima kwa jambo hilihili.

Tekscha ya 4K ni picha ya nukta 4096 kwa 4096, yaani nukta zaidi ya milioni 16. Skrini yako nzima ina nukta kama milioni 2. Sasa fikiria pipa lililosimama kwenye kona ya nyumba ya wageni: hata ukilisogelea kabisa, halizidi robo ya skrini. Ukilivisha tekscha ya 4K, sehemu kubwa ya nukta hizo macho yako hayatazipata kamwe, ila kumbukumbu ya kadi italipia zote. Kwa mbinyo wa kawaida wa BC7, yaani namna ya kubana picha, tekscha moja ya 4K hula takribani MB 21 pamoja na nakala zake ndogo za kutazamwa kwa mbali, wakati ya 2K hula takribani MB 5, na kitu kimoja huhitaji angalau mbili, moja ya rangi na nyingine ya mabonde na matuta ya uso wake. Zidisha kwa kila pipa, kikapu, sahani na jibini lililomo chumbani, nawe utaona GB 8 zinakwenda wapi. Zikijaa, kadi inaanza kuazima RAM ya kompyuta, ambayo kwake ni mbali na ni taratibu, na hapo ndipo picha inapokwama ukigeuza kichwa.

Bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja wakati gemu inaendelea ili kufungua Task Manager, uende kwenye utendaji wa kadi ya grafiki, uangalie kumbukumbu yake imefikia wapi. Mimi sikubali ipite GB 7. Milima, ardhi na barabara ninazipa 4K kwa kuwa zinajaza skrini muda wote. Vingine vyote 2K, na vyombo vidogo 1K. Sijawahi kujuta.

---

Bwana Mizigo amejibu:

Naunga mkono hoja ya dada Mwanahawa, na ninaongeza kwamba watu wengi hukimbilia tekscha wakati kinachoifanya Skyrim ionekane imechakaa ni mwanga na maumbo. Anza na SMIM, ambayo hubadilisha maumbo yenyewe: minyororo iliyokuwa bapa kama karatasi inakuwa na pete za mviringo, na kamba zinakuwa na unene wake. Kisha weka modi moja ya hali ya hewa na moja ya mwanga wa ndani ya nyumba. Baada ya hapo ndipo uamue kati ya ENB na Community Shaders, ambazo zote hubadilisha namna mwanga na vivuli vinavyochorwa. Kwa kadi yako mimi ningechagua ENB iliyopangwa vizuri, kwa kuwa kwa uzuri wa kivuli na jua la jioni sijaona mshindani wake.

---

Mwanahawa K. amejibu:

Hapo kaka nitatofautiana nawe. ENB inapendeza kweli, lakini hula fremu nyingi, na mwenzetu ndiyo kwanza anaanza. Community Shaders ni nyepesi zaidi, na kila sehemu yake huongezwa peke yake, hivyo ikileta shida utaijua ni ipi. Inahitaji SKSE, programu inayoziwezesha modi kufanya yale ambayo gemu peke yake haiyaruhusu, na Address Library, ambayo modi za SKSE huitegemea, na SKSE lazima ilingane na toleo la gemu lenyewe, kwa hiyo kwenye Steam chagua gemu isijisasishe hadi itakapofunguliwa, kisha uwe unaifungulia kwenye SKSE siku zote.

---

Mla Bando amejibu:

Kabla hujaanza upya, mkuu, usifute gemu nzima, maana kuipakua tena ni zaidi ya GB 10 za bando. Faili za asili za Special Edition zimefungwa ndani ya mafurushi yenye kiambishi cha BSA. Folda za textures na meshes unazoziona wazi ndani ya Data zimeletwa na modi zako, kwa hiyo zifute hizo mbili pamoja na vingine ulivyoviingiza kwa mkono, kisha uiagize Steam ihakiki faili za gemu. Itapakua yaliyokosekana tu. Kuhakiki peke yake hakutoshi, kwani Steam haiondoi faili za ziada.

Baada ya hapo usimwage tena chochote ndani ya Data. Tumia Mod Organizer 2, ambayo huweka kila modi kwenye folda yake na kuionyesha gemu kana kwamba zimo ndani. Modi ikikusumbua unaondoa alama ya tiki, basi. Na gemu yenyewe iwe nje ya Program Files, kwa sababu Windows huilinda folda ile na kuzuia programu nyingine kuandika ndani yake.

---

Mtu wa Kihonda ameandika:

Wanajamvi, nimerudi na mrejesho baada ya siku tisa.

Nilifuta folda zile mbili, Steam ikapakua MB zisizofika 300, na gemu ikafunguka safi. Niliweka kikomo cha fremu 60, na kwa mara ya kwanza kwenye kompyuta hii nilifika Helgen nikiwa nimekaa wima. Kisha nikaongeza modi moja moja kupitia Mod Organizer 2, na baada ya kila moja nilitembea njia ileile: kutoka Riverwood, kuvuka daraja, kupanda hadi Whiterun na kuingia lango. Sasa ninazo modi 14, tekscha za 4K ni za milima na ardhi pekee, nimechagua Community Shaders, na kumbukumbu ya kadi haijapita GB 6.

Jana jioni nilisimama chini ya taa iliyoning'inia kwenye mnyororo, ndani ya nyumba ya wageni ya Whiterun, nikahesabu pete za mnyororo moja baada ya nyingine. Nimepita pale kwa miaka sita, wala sikuwahi kujua kwamba ule ulikuwa mnyororo.

Nimebakiwa na swali moja. Milima ya mbali bado haifanani na ya karibu, na nimesoma kwamba DynDOLOD ndiyo dawa yake. Je, niiweke sasa?

---

Fundi wa Usiku amejibu:

Hapana, mkuu, subiri kwanza. DynDOLOD hutengeneza mandhari ya mbali kwa kusoma modi ulizonazo wakati huo, na ukibadilisha miti au milima kesho itakubidi uitengeneze upya. Maliza orodha yako, cheza wiki moja bila kuongeza kitu, kisha uniandikie hapa tuifanye pamoja.