Purdy alipwe sasa, asubirishwe, au auzwe? Tulinganishe

Zamu_ya_Usiku (mwanzisha uzi, mwanzoni mwa 2025)

Wakuu, salaam. Niko San Jose, nafanya kazi ghalani usiku, dakika ishirini tu kwa gari kutoka uwanja wa 49ers pale Santa Clara. Wiki hii yote, kila tukikaa kula, mada ni moja: Purdy. Jana karibu Mfilipino mmoja na Mmeksiko mmoja washikane mashati juu ya mtu ambaye hajui hata kama wapo. Nimeona niilete huku tubishane kwa lugha yetu.

Kwa wasiofuatilia futiboli ya Marekani: Brock Purdy ni kwotabeki wa San Francisco 49ers, yaani yule anayeanzia mpira mkononi na kuamua uende wapi. Mwaka 2022 alichaguliwa wa mwisho kabisa kwenye drafti, pale klabu zinapochagua vijana wapya kwa zamu, raundi kwa raundi; namba 262. Huyo wa mwisho wana jina lao la kumtania, kama kusema Bwana Hana Kazi. Mkataba wake wa miaka minne haufiki dola milioni 4 zote kwa jumla. Kwa hela hiyo kawapeleka Super Bowl, fainali ya ligi, ya Februari 2024. Sheria ilikuwa hairuhusu kumwongezea mkataba mpaka amalize misimu mitatu. Kaimaliza, na sasa wako mezani.

Ninavyoona kuna njia tatu. Wampe mkataba mrefu sasa hivi, miaka mitano, zaidi ya milioni 50 kwa mwaka. Au acheze msimu huu wa 2025 kwa mkataba wake wa zamani, halafu 2026 wambane kwa tagi, yaani klabu inamzuia asiondoke kwa mshahara wa mwaka mmoja uliopangwa na ligi, mwaka mmoja mmoja. Au wamuuze wakati bado ana soko, waanze upya na kijana wa bei rahisi. Mimi niko njia ya kwanza, ila moyo unanienda mbio. Semeni.

Hesabu_Kali

Kabla mtu hajaleta habari za Mbappé humu: huku kuna kepu. Msimu wa 2025 kila klabu imewekewa ukomo wa dola milioni 279.2 kwa mishahara ya kikosi kizima. Tajiri awe na visima vya mafuta, haimsaidii. Kwa hiyo swali la "anastahili?" ni swali la kijiweni. Swali la ofisini ni "tukimlipa huyu, nani anafungasha?"

Na wameshaanza kufungasha. Deebo Samuel kaenda Washington kwa chaguo moja la raundi ya tano, bei ya kutupa. Greenlaw na Hufanga wote Denver. Ward, Indianapolis. Waliobaki wana bei: Bosa wastani wa milioni 34 kwa mwaka, Aiyuk 30. Ongeza kwotabeki wa 50 na kitu, watu watatu wameshakula zaidi ya 110. Ndiyo, najua hela husambazwa, mwaka wa kwanza hubeba kidogo na miaka ya mbele hubeba nyingi. Lakini deni kulisogeza mbele si kulilipa.

Dereva_wa_I35

Boss, mimi ni wa Dallas, kwa hivyo niruhusu nilie kidogo. Hiyo njia yako ya pili, ya kusubiri, sisi tumeipitia na imetuacha uchi.

Dak Prescott, kwotabeki wetu, 2020 tulimpa tagi, milioni 31.4 kwa mwaka mmoja, tukijiona wajanja. Oktoba kifundo cha mguu kikageuka upande mwingine kabisa, tukicheza na Giants. Nilikuwa nimeegesha lori mahali pa kupumzikia nje ya Waco, naangalia kwa simu, nikaifunika na kofia. Msee amevunjika hivyo na bado Machi 2021 akapata miaka minne, milioni 160. Yaani hata mguu kuvunjika hakukushusha bei. Tukasubiri tena. Septemba 2024, asubuhi ile ile ya mechi ya kwanza, wakasaini: miaka minne, milioni 240. Sitini kwa mwaka, hakuna mwingine anayefika hapo kwenye ligi nzima. Novemba akaumia msuli wa paja, msimu ukaisha.

Sasa angalia Philadelphia. Jalen Hurts, kwotabeki wao, walimlipa Aprili 2023, milioni 255 kwa mitano, watu wakapiga kelele eti ni nyingi. Leo 51 kwa mwaka ni bei ya jana, na Februari hii amechukua Super Bowl, 40 kwa 22, na mchezaji bora ni yeye. Kununua mapema ni kama shamba la Kitengela kabla lami haijafika.

Zuhura_Ilala

Kaka Dereva, pole na Dallas yenu, lakini shamba halivunjiki kiwiko.

Mimi sina uadui na mtoto wa watu. Nimeiangalia ile Super Bowl ya 2024 hapa Dar tangu saa nane na nusu usiku mpaka asubuhi. Muda wa nyongeza umefika jirani yangu wa maandazi ameshawasha jiko, bando linaisha, na mimi kazini natakiwa saa mbili. 19 kwa 19. San Francisco wako yadi tisa tu kutoka mwisho, wanahitaji yadi nne ili waendelee kushambulia. Chris Jones wa Kansas City akapita katikati hajaguswa na mtu. Purdy akaurusha haraka kabla hajafikiwa, ukaanguka chini. Wakaambulia pointi tatu za mguu. Mahomes, kwotabeki wa Kansas City, akapewa mpira upande wa pili, akatembea nao taratibu kama mtu anayekwenda dukani, mchezo ukaisha 25 kwa 22.

Najua mtasema mlinzi wake ndiye aliyemwachia Jones. Sawa. Lakini mtu wa milioni 50 namtaka kwa siku kama hiyo, walinzi wanapokosea. Siku ambayo wote wako sawa, hata wa milioni moja anatosha, na Purdy mwenyewe ndiye ushahidi.

Na 2024? Ushindi 6, kupoteza 11.

Zamu_ya_Usiku

Dada Zuhura, hapo kwenye 2024 unamwonea. McCaffrey, mkimbiaji wao, kacheza mechi nne. Aiyuk, mdakaji wake, goti limekwenda Oktoba. Trent Williams, ndiye mlinzi wake mkuu, kakosa karibu nusu ya msimu. Purdy mwenyewe bado karusha yadi 3,864. Na mwaka uliotangulia, watu wakiwa wazima, alirusha 4,280, rekodi ya klabu. Klabu ya Montana na Young hiyo, makwotabeki wakubwa wa zamani! Wao hawakufika hapo kwa msimu mmoja.

Zuhura_Ilala

Montana hakucheza mechi 17 wala enzi hizi za kurusha kila dakika. Na umenisaidia mwenyewe: watu wakiwa wazima anang'ara, wakiumia anashuka, 31 zinakuwa 20. Nazungumzia tachidauni, mpira ukifikishwa mwisho wa uwanja kwa alama. Sasa mkishamlipa, watu wenyewe hamtakuwa na hela ya kuwaweka.

Babu_wa_Candlestick

Wanangu, nimekuja huku tangu uwanja wa zamani. Mnabishana kama vile klabu hii haijawahi kukaa kwenye kiti hiki. Imekaa mara mbili.

Juni 2014 walimsainisha Kaepernick, kwotabeki wa wakati huo. Magazeti yote: miaka sita, milioni 126! Nilikuwa na rafiki yangu, Mkongo wa Bukavu, akaniambia huyu kijana sasa hata wajukuu wake hawatafanya kazi. Lakini mkataba wenyewe ulikuwa kama mkate wa maji: karibu kila mwaka klabu ilikuwa na mlango wa kutokea. Alipoondoka Machi 2017 alikuwa amegusa sehemu ndogo tu ya zile 126.

Februari 2018, Garoppolo. Huyu alikuja kutoka New England katikati ya msimu, akaanzishwa mechi tano za mwisho, akashinda zote tano. Wakampa milioni 137.5 kwa miaka mitano. Kwa mechi tano! Septemba goti likakatika. Alirudi, akatufikisha Super Bowl ya Februari 2020, tukafungwa na hawa hawa Kansas City. Kisha klabu ikamchoka.

Kwa hiyo mimi namba kubwa ya kwenye gazeti siisomi. Huku si kama mpira wa miguu, kwamba ukisaini mitano unalipwa mitano. Huku mchezaji anaweza kuachwa kesho asubuhi. Kilicho chake ni kile kilichoandikwa kuwa cha uhakika. Niambieni cha uhakika ni kiasi gani na kinaisha mwaka gani, nitawaambia kama ni mkataba mrefu au ni mkataba wa miaka mitatu uliovaa kanzu ya mitano.

Pweza_Mkavu

Babu "mkate wa maji" naiba hiyo 😂

Hesabu_Kali

Babu kamaliza nusu ya uzi. Niongeze upande wa pili wa hilo. Klabu ikimwacha mchezaji, ile pesa ya kusaini iliyokuwa imesambazwa miaka ya mbele inaanguka yote kwenye kepu. Wenyewe wanaiita pesa mfu. Carson Wentz, Philadelphia, 2019: miaka minne, milioni 128. Miaka miwili tu wakamtoa, wakabeba milioni 33.8 kwenye kepu kwa mtu anayecheza Indianapolis. Daniel Jones, Giants, Machi 2023: 160 kwa minne. Novemba 2024 wamemwacha. Na kinachouma zaidi ni kwamba hela zikawabana wakamwacha mkimbiaji wao Saquon Barkley aondoke, akaenda kwa jirani, Philadelphia, akakimbia yadi zaidi ya 2,000 na kombe juu.

Lakini msinielewe vibaya, siko njia ya tatu. "Tuanze na kijana wa bei rahisi" ni maneno matamu mpaka ukumbuke klabu hii ilimpataje Trey Lance. 2021 walitoa machaguo matatu ya raundi ya kwanza ili wampate wa namba 3. Kaanza mechi nne. Agosti 2023 kauzwa Dallas kwa chaguo la raundi ya nne. Purdy alipatikana kwa bahati, wakati wamepanga mtu mwingine. Bahati huwezi kuiwekea bajeti.

Dereva_wa_I35

Asante kwa kunikumbusha kwamba hata Lance tulimnunua sisi.

Zuhura_Ilala

Na Denver? Walimpa Russell Wilson milioni 245 kabla hajacheza hata mechi moja kwao, wakamfukuza Machi 2024 na milioni 85 za pesa mfu. Kila mtu akasema wamezikwa. Msimu huo huo wakamwanzisha Bo Nix, mtoto wa drafti, wakaingia mtoano. Kwa hiyo kijana wa bei rahisi anabeba hata nyumba yenye deni. Buffalo waliwachapa 31 kwa 7 huko, sawa, lakini waliingia.

Hata hivyo sitaki kuonekana mgumu kwa ugumu tu. Kama ni mimi, njia ya pili yenye adabu: acheze 2025 kwa mkataba wake, mwakani tagi. Tagi ya kwotabeki mwaka huu ni milioni 40.2. Ukijumlisha miaka miwili bado hujafika hamsini, na umeshajua una nini.

Hesabu_Kali

Tagi inaingia yote kwenye kepu ya mwaka huo, haisambazwi. Na ya pili inapanda asilimia 20. Washington walimfanyia hivyo Kirk Cousins, 2016 na 2017, mwaka wa tatu akaondoka bure kwenda Minnesota, milioni 84, zote za uhakika. Tagi ni kukodi nyumba kwa bei ya kununua.

Zamu_ya_Usiku

Kuna jambo hatulisemi. Miaka mitatu mtu kalipwa kama mchezaji wa benchi huku anabeba jina la mji. Januari 2023, Philadelphia, kiwiko kilikatika, kwotabeki wa akiba naye akagongwa kichwa, wakamrudisha uwanjani hawezi hata kurusha mpira hatua kumi. Alikuwa anampa tu mwenzake mkononi, anageuka. Kama kile kiwiko kisingepona, angeondoka na ile ile chini ya milioni 4. Klabu zinaposema "tusubiri tuone", anayebeba hatari ya kusubiri ni mchezaji.

Zuhura_Ilala

Hilo nakupa.

Zamu_ya_Usiku (Mei 2025)

AMESAINI. Miaka mitano, milioni 265. Ya uhakika 181. Hamsini na tatu kwa mwaka. Leo sambusa ghalani ni juu yangu.

Babu_wa_Candlestick

181 kati ya 265. Basi hii si mkate wa maji. Wamefunga ndoa, angalau miaka mitatu ya kwanza hakuna talaka.

Dereva_wa_I35

Na bado ni saba pungufu ya Dak kwa mwaka. Nitakuja kuomba hifadhi kwenu.

Hesabu_Kali

Bei ni ya soko, siilaumu. Burrow na Lawrence wote ni 275. Nitakachoangalia ni 2027, mzigo utakapoanza kuangukia kepu. Uzi usifungwe.

Zuhura_Ilala (Oktoba 2025)

Naufufua uzi kwa heshima zote. Purdy kaumia kidole gumba cha mguu kwenye mechi ya kwanza. Mechi aliyorudi, Jacksonville wamewafunga nyumbani. Mechi tatu alizokosa amecheza Mac Jones, yule ambaye 2021 watu walidhani ndiye 49ers watamchukua badala ya Lance. Tatu kwa tatu, ikiwemo ya leo alfajiri kwa Rams, ugenini, muda wa nyongeza, 26 kwa 23. Yadi 342. Kwa mshahara wa akiba. Zamu ya Usiku, uko wapi, sambusa zimepoa?

Zamu_ya_Usiku

Niko kazini dada. Nimeiona. Sijasema kitu.

Hesabu_Kali

Mechi tatu tu jamani. Garoppolo alishinda tano.

Zuhura_Ilala

Basi bado mbili.