Rimu imetoka na vipele baada ya kupuliza rangi

Rimu15: Wakuu, habari zenu. Napuliza rimu nne za alumini kwa rangi ya kopo, silva ya metaliki, nje ya nyumba hapa Umoja. Ya kwanza imetoka na vipele kama ganda la chungwa, na ukingoni kuna vishimo vya mviringo ambavyo rangi imekataa kushika. Nilipiga msasa namba 320, praima (rangi ya msingi) koti (tabaka) mbili, kisha rangi saa saba mchana. Narekebisha wapi?

FundiRangi: Hizo ni shida mbili tofauti. Vipele vinakuja rangi ikikauka kabla ya kutandaa. Jua la saa saba linaichoma alumini, matone yanaganda palepale yalipotua. Kopo likiwa mbali sana ni vilevile, rangi inafika imeshaanza kukauka. Hamia kivulini saa nne asubuhi, umande ukiisha, na ushike kopo sentimita 20 hadi 25. Koti ya kwanza nyepesi kabisa, zinazofuata zilowe kiasi cha kung'aa, dakika 10 kati yake. Bonyeza kabla hujafika kwenye rimu, achia ukishaipita; ukianzia juu yake utapata michirizi. Baridi ya Julai nayo hufanya kopo liteme matone makubwa, kwa hivyo litie kwenye maji ya uvuguvugu kwanza. Moto au maji yanayochemka, hapana, litalipuka.

Vishimo ni silikoni ya dawa ya kung'arisha tairi. Msasa hauitoi, unaisambaza tu. Osha kwa sabuni ya vyombo, kausha, kisha futa kwa dawa ya kuondoa grisi na vitambaa viwili: kimoja kilicholowa, kingine kikavu kikifuata kabla haijakauka yenyewe. Haya yote kabla ya kushika msasa.

KotiTatu: Praima nayo isawazishwe kwa msasa 600 na maji. Silva ya metaliki usiiguse kwa msasa kabla ya kilia (rangi angavu ya mwisho), itabaki na madoa. Na tafadhali ziba kwa tepu viti vya nati na sehemu inayokaa kwenye habu (kitovu cha gurudumu). Rangi hapo hubanwa ikakonda, nati zikalegea. Ukirudisha gurudumu, kaza nati tena baada ya kilomita 50 hadi 100.

Rimu15: Asanteni sana. Hii ya kwanza niikwangue yote?

FundiRangi: La. Iache siku mbili ikauke, sawazisha vipele kwa 600 na maji, kisha upulize silva upya juu yake. Penye vishimo tu ndipo ushuke hadi alumini, usafishe, upige praima upya. Usirudie rangi ikiwa bado laini chini, itakunjamana.