Shujaa anayepona papo hapo: nyama ya mkono mpya inatoka wapi?

Mchoraji wa Mwanga, Kigoma

Wakuu, habari za jioni. Ninachora katuni ya Kiswahili hapa Kigoma. Shujaa wangu anaitwa Zawadi, binti wa mvuvi wa dagaa pale Kibirizi, na ana uwezo mmoja tu: akiumia, anapona. Hapai angani, hanyanyui magari. Katika toleo la kwanza mamba anamnyofoa mkono wa kushoto, na baada ya picha tatu mkono umerudi mzima, mpaka kucha.

Nilimpa mdogo wangu wa kidato cha tatu asome. Akaja na swali moja: "Kaka, nyama ya huo mkono mpya imetoka wapi?" Sikuwa na la kumjibu. Sitaki kumwambia ni uchawi, maana hadithi nzima nimeijenga juu ya mwili wa mtu, si juu ya tunguri. Anayejua mambo ya mwili anisaidie: kupona kwa kweli kunaendaje, kuna kiumbe chochote kinachootesha mkono, na ni kitu gani Zawadi asiweze kukiponya hata afanyeje? Toleo la pili limesimama kwa ajili ya hili.

Kijana wa Buzebazeba

Mkuu, Wolverine, shujaa wa katuni za Wamarekani, anapona tangu 1974 na dunia nzima inampenda. Mimi ningeshauri umwondolee Zawadi na maumivu kabisa, apigane bila kuhisi chochote. Hapo atakuwa shujaa kweli.

Tabibu wa Kasulu

Mchoraji, mdogo wako ameshika mahali penyewe. Mimi ni tabibu, na sehemu kubwa ya zamu zangu ni vidonda: panga za shambani, bodaboda, watoto waliomwagikiwa na uji. Nitakujibu kwa ninavyoviona.

Tuanze na uzito. Mkono mzima kuanzia begani ni kama asilimia 5 ya uzito wa mtu. Zawadi akiwa na kilo 60, mamba ameondoka na kilo 3. Nyingi ni maji, hayo atakunywa. Protini ni kama sehemu moja ya tano, yaani gramu 600. Dagaa wakavu wana protini karibu asilimia 60, kwa hiyo mkono mmoja unataka kilo nzima ya dagaa wa Kibirizi, tena walioliwa, wakasagika na kufika kwenye damu. Asipokula, mwili utajila wenyewe. Hili si la kubuni. Mtu aliyeungua sehemu kubwa ya mwili hutumia nguvu hata mara mbili ya kawaida, na akikosa chakula cha kutosha unaona mapaja yake yanaisha huku ngozi ikijaribu kufunga. Ndiyo maana tunawasisitizia ndugu walete mayai, maharage, samaki, na siyo soda. Basi mchore Zawadi akiwa na njaa kali baada ya kila pambano. Akipona mara mbili mfululizo bila kula, mashavu yaingie ndani.

Sasa joto. Kujenga tishu kunagharimu nishati, na sehemu yake inageuka joto. Tukikadiria kwa upole, kilokalori moja kwa kila gramu inayojengwa, mkono wa kilo 3 utatoa kilokalori 3,000. Kupandisha mwili wa kilo 60 kwa digrii moja kunahitaji kama kilokalori 50. Gawanya mwenyewe: ukiotesha mkono ndani ya dakika moja, joto linatosha kupandisha mwili wake kwa digrii 60. Mtu yuko kwenye 37, na akipita 42 protini zake zinaanza kuharibika. Zawadi atapikika kabla vidole havijatokea. Joto hilohilo ukilitawanya kwa mwezi mzima ni kilokalori 100 kwa siku, hata hatalihisi. Kwa hiyo kikomo cha kwanza cha nguvu yake ni mwendo.

Lipo na suala la mishipa ya fahamu. Neva iliyokatika kwa binadamu hukua kama milimita moja kwa siku. Kutoka begani hadi ncha za vidole ni zaidi ya sentimita 60. Hesabu inakupeleka karibu miaka miwili kabla hajahisi kalamu aliyoishika. Hata ukimpa mwendo mara kumi ya wetu, atakuwa na wiki kadhaa za mkono wenye nyama lakini hausikii amri.

Lakini jambo ninalotaka ulibebe kuliko yote ni hili: kufunga kidonda si kuponya. Watu wengi wanaamini kidonda kikifunga haraka ndiyo heri. Anakuja mtu amekanyaga msumari au amekatwa na jembe lenye udongo, anataka ashonwe sasa hivi aondoke. Hatumshoni. Tunaosha kwa maji mengi, tunakata nyama iliyokufa, tunaacha wazi na kukifunika kwa shashi, kisha siku ya 4 au ya 5, kikiwa kisafi, ndipo tunashona. Ukifunga uchafu ndani unafuga usaha, na vijidudu vya pepopunda hupenda mahali pasipo na hewa. Mwili wenyewe unalijua hilo. Kwanza damu inaganda, halafu zinakuja seli nyeupe kusafisha, na hapo ndipo unaona uvimbe, wekundu na joto. Nyama mpya inaanza kujaza baada ya usafi huo, na kovu linaendelea kurekebishwa kwa miezi mingi. Hata likikomaa, uimara wake unafika kama asilimia 80 tu ya ngozi ya awali.

Sasa fikiria ngozi ya Zawadi inafunga kufumba na kufumbua. Imefunga na tope la ziwa, na kipande cha jino la mamba, na risasi. Atakuwa binti mwenye ngozi nzuri na majipu ndani. Mfupa vilevile. Mguu ukivunjika na kupinda halafu ukaunga palepale, umeunga ukiwa umepinda, na sisi tutalazimika kuuvunja upya ili tuunyooshe na kuufunga hogo, yaani plasta ngumu. Nimewaona vijana wa bodaboda waliokaa nyumbani wiki nyingi na mfupa uliopinda. Kuunga kwao hakukuwa na kasoro hata kidogo, ila mguu umekuwa mfupi. Kwa Zawadi hayo yangetokea ndani ya sekunde. Adui yake mwerevu hahitaji bunduki kubwa, anahitaji mchanga.

Na kupona kukikosa breki ni ugonjwa. Wengi wetu tuna ndugu mwenye kovu lililovimba na kuendelea kukua kupita mpaka wa kidonda, sikioni alipotogwa au kifuani. Hiyo ni kolajeni, protini inayojenga kovu, inayozidi kutengenezwa wakati kazi imeshaisha.

Mwalimu wa Baiolojia, Tabora

Daktari, shikamoo, umenisaidia hata mimi. Ngoja niongezee upande wa viumbe.

Mchoraji, kinachootesha mkono kipo. Ni aksolotli, jamii ya salamanda, asili yake maziwa ya Xochimilco huko Meksiko. Mkono ukikatika, ngozi inafunika jeraha ndani ya saa chache, kisha seli za pale pembeni zinarudi kwenye hali ya uchanga na kujikusanya kuwa kifundo. Kifundo hicho ndicho kinachochipua mkono wenye mifupa, misuli na vidole. Inachukua wiki nyingi, na mkono unaanza mdogo kisha unakua. Ukiikata neva inayokwenda pale, mkono hauoti. Kwa hiyo hata bingwa wa dunia anafuata masharti aliyoyataja daktari.

Karibu zaidi na nyumbani, mjusi kafiri wa ukutani anaotesha mkia, lakini ukiupasua ule mpya hukuti pingili za mfupa, unakuta mrija wa gegedu. Unafanana kwa nje tu. Hapo una wazo zuri kwa mkono wa Zawadi! Na mnyama anayenifurahisha kuliko wote ni panya wa miiba wa Afrika Mashariki. Mwaka 2012 watafiti waliofanya kazi Kenya walionyesha kwamba ngozi ya mgongo wake inachanika kwa urahisi mno, anaweza kupoteza hata asilimia 60 ya hiyo ngozi ya mgongo, kisha anaiotesha tena pamoja na vinyweleo vyake na kovu halionekani. Huyu ni mnyama anayenyonyesha, mwenye damu ya moto kama sisi. Wanafunzi nikiwaambia wanadhani lazima mambo kama haya yawe ya Ulaya.

Na sisi hatuko mikono mitupu. Ini likikatwa, theluthi moja iliyobaki yenye afya inaweza kukua hadi kutosheleza kazi ya ini zima. Mtoto mdogo aliyekatika ncha ya kidole kwa mlango anaweza kuiotesha, ikiwa shina la kucha limebaki.

Kikomo kingine kimo ndani ya seli. Mwaka 1961 Leonard Hayflick alionyesha kwamba seli za kawaida za binadamu zikilelewa maabara hugawanyika kama mara 40 hadi 60, kisha zinasimama. Ncha za kromosomu, yaani telomea, zinapungua kila mgawanyiko. Kuna kimeng'enya kinachozirefusha, telomerasi, na seli nyingi za saratani zimekiwasha ndiyo maana hazichoki kugawanyika. Seli za Zawadi zinagawanyika haraka sana na hazifiki mwisho. Kila mgawanyiko ni nafasi ya kosa katika DNA. Anayepona kila wiki anajiweka karibu na uvimbe kuliko mimi na wewe.

Mchoraji wa Mwanga, Kigoma

Mwalimu, daktari, Mungu awabariki. Mkono wa kushoto nitauchora upya: toleo la pili zima uwe kama wa mtoto mdogo, na hauhisi. Swali moja limebaki. Akipigwa kichwani, ubongo ukaota tena?

Mwalimu wa Baiolojia, Tabora

Tuseme seli zimeota zote. Kumbukumbu hazikai ndani ya seli moja moja, zinakaa kwenye jinsi seli zilivyounganishwa, na miunganiko hiyo ilijengwa na maisha yake: sauti ya baba akirudi ziwani alfajiri, Kiha alichofundishwa na bibi. Tishu mpya haina hayo. Sehemu iliyoharibika itarudi kama ya mtoto mchanga. Ningekuwa wewe, hapo ndipo ningeweka hofu yake kubwa. Hafi, lakini anaweza kumpoteza baba yake akiwa amekaa mbele yake.

Tabibu wa Kasulu

Naunga mkono. Na kijana wa Buzebazeba, nakujibu kuhusu maumivu: usimwondolee. Wagonjwa wa ukoma ugonjwa ukishaharibu mishipa ya fahamu hawahisi, wanashika sufuria la moto, wanatembea na jiwe ndani ya kiatu kutwa nzima. Vidole vinaharibika kwa majeraha yasiyohisiwa na maambukizi yanayofuata. Mwache Zawadi aumwe, tena sana, ili ajue wapi pa kusafisha.

Meno usiyarudishe. Enameli, lile gamba gumu la nje, ya jino la mtu mzima haioti tena, seli zilizoitengeneza zimeshaondoka kabla jino halijatokeza. Akivunjika jino kwenye ukurasa wa tano, abaki na pengo hadi mwisho wa mfululizo.

Ombi moja kwa sababu wasomaji wako ni watoto: ukichora nesi akimhudumia, aoshe kwanza kidonda kwa maji safi yanayotiririka na sabuni, kwa muda mrefu, asipake majivu wala mavi ya ng'ombe, kisha amchome sindano ya pepopunda. Watakachokiona pale ndicho watakachokifanya nyumbani.