Wakopeshaji wameongezeka Urambo, mbona riba haishuki?

Katibu wa AMCOS, Urambo:
Ndugu wanajukwaa, naomba ufafanuzi. Kila msimu wa kuchuma tumbaku unapofika, wakopeshaji huongezeka hapa mjini, na shuleni tulifundishwa kwamba wauzaji wakiwa wengi bei hushuka. Mbona riba haishuki? Mwanachama wa AMCOS yetu, yaani chama chetu cha ushirika cha wakulima, alichukua shilingi 100,000 kwa mkopeshaji mmoja ili arudishe 120,000 baada ya mwezi, ilhali mtaa uleule ipo taasisi yenye leseni ambayo ukomo wa riba yake kisheria ni asilimia 3.5 kwa mwezi. Nilipomuuliza sababu, alisema kwa mkopeshaji huyo alipewa fedha siku ileile.

Mhadhiri, Tabora mjini:
Ndugu Katibu, jibu amekupa mwanachama wako mwenyewe. Na usidhani nadharia ya ufanisi wa masoko, aliyoiweka bayana mchumi Eugene Fama mwaka 1970, inapingana naye: inahusu bei za mitaji, kama hisa, kubeba taarifa zilizopo. Haiahidi kwamba riba itashuka popote wakopeshaji wanapojazana. Ushindani hushusha bei pale tu mteja anapoilinganisha bei, na mkulima ambaye majani yake yameiva huku vibarua wakidai malipo analinganisha haraka ya kupata fedha. Kwa hiyo wakopeshaji hushindana kwa haraka hiyo, na riba inabaki ilivyo. Maumivu ya kukosa vibarua leo yana uzito kuliko shilingi 20,000 za mwezi ujao, na hilo si ujinga hata kidogo. Ndivyo binadamu wote tunavyoamua tukibanwa.

Mfanyabiashara wa mawese, Kigoma:
Mheshimiwa Mhadhiri, nakubali, lakini ukomo wa riba nao una madhara yake. Kufuatilia mkopo mdogo kuna gharama, hivyo wenye leseni huwakwepa akina mama wasio na dhamana, nao huishia kwenye kausha damu, yaani mikopo ya mitaani ya riba kubwa, ambako hakuna mkaguzi anayefika.

Mhadhiri, Tabora mjini:
Ni kweli, na ndiyo maana siamini kwamba ukomo peke yake unatosha. Nchini Marekani, wachumi Marianne Bertrand na Adair Morse walichapisha mwaka 2011 utafiti ambamo wakopaji wa mikopo ya muda mfupi walipewa bahasha iliyoandikwa jumla ya gharama kwa dola, iwapo ulipaji wa mkopo ungeahirishwa kwa miezi kadhaa. Ukopaji ulipungua kwa takriban asilimia 11, ingawa riba haikuguswa. Hapa Tanzania, Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 imeipa Benki Kuu mamlaka juu ya wakopeshaji hawa, nami ningependa kuona kila mkataba ukitaja shilingi kabla ya asilimia: mwanachama wako akilipa riba tu kwa miezi mitatu, atakuwa ametoa 60,000 na deni la 100,000 liko palepale; kwa ukomo wa kisheria angetoa 10,500.

Katibu wa AMCOS, Urambo:
Nashukuru sana. Hesabu hiyo nitaipendekeza iandikwe kwenye fomu yetu ya maombi ya pembejeo, juu kabisa, kabla ya sehemu ya sahihi. Je, Kigoma kuna chama kilichokwisha kufanya hivyo?