USHAURI: Kanisa la Wazungu linalotupa ukumbi linataka kutuomba msamaha wa utumwa kwenye ibada ya pamoja. Tuupokee?

MzeeWaUsharika (mleta uzi)

Bwana Yesu asifiwe wapendwa. Ni usharika wa Kiswahili hapa Louisville, Kentucky. Wengi ni Wakongo waliopitia kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, Tanzania, na wapo Warundi na Watanzania wachache. Tunasali saa nane mchana kwenye ukumbi wa kanisa la Wazungu lililoanzishwa miaka ya 1840. Baraza lao limetuletea ratiba ya ibada ya Jumapili inayotangulia sikukuu ya Martin Luther King, mwezi Januari.

Ratiba yenyewe: nyimbo, mahubiri, kisha mchungaji wao anapiga magoti, anawaosha miguu wazee wetu 5 na kuomba msamaha wa utumwa. Mchungaji wetu anatamka msamaha kwa niaba ya watu Weusi. Kwaya yetu inaimba. Picha, chakula. Dakika 90 zimekwisha.

Baraza letu limegawanyika. Kuna wanaosema hatukuuzwa sisi, hayo hayatuhusu. Kuna wanaosema polisi akisimamisha gari la kijana wetu haulizi babu yake alikuja kwa meli au kwa ndege. Wengine wanaogopa tu kupoteza ukumbi. Naomba wenye uelewa mnisaidie: tukubali, tukatae, au tuombe ratiba ibadilishwe? Na ibadilishwe vipi?

KaraniWaSinodi

Shikamoo mzee. Jambo la kwanza kabisa: mchungaji wenu asitamke msamaha huo, maana si wake kuutoa. Waliokosewa katika mji huo wapo, wazao wao wana majina na wana makanisa, mengi yako ng'ambo ya pili ya Barabara ya 9, ile inayotenganisha mitaa ya Weusi na ya Wazungu, dakika chache kwa gari. Kwenye ratiba uliyoweka hapa sijawaona popote.

Someni 2 Samweli 21 kwenye baraza. Njaa ya miaka 3, Daudi anaambiwa ni kwa ajili ya Wagibeoni waliouawa na Sauli. Hakukaa na watumishi wake kupanga ibada. Aliwaita Wagibeoni wenyewe akawauliza awatendee nini. (Kilichofuata katika sura ile ni kuuawa kwa watu 7, na huko simpeleki mtu. Nachukua swali la Daudi, basi.) Ninyi kwa wenyeji wenu ni ndugu katika Kristo na ni wapangaji. Mpangaji hawezi kukataa kwa uhuru, kwa hiyo hata kukubali kwake kuna walakini. Wanaijua hali hiyo au hawaijui, matokeo ni yale yale: wanatubu mbele ya mtu asiyeweza kuwauliza swali gumu.

Nafasi yenu ya halali ipo, nayo ni ya mashahidi. Mnakaa, mnasikia, mnaomba pamoja nao.

Msidhani pia kwamba ubaguzi kanisani huanza na chuki kubwa. Afrika Kusini mwaka 1857 sinodi ya kanisa la Kireformed la Wadachi iliruhusu waumini Weusi watengewe ibada na meza yao ya Bwana, kwa sababu ya "udhaifu wa baadhi". Mwaka 1881 likaundwa kanisa la pembeni kwa watu walioitwa Machotara. Ni kanisa hilohilo lililotengwa ndilo lililoandika Ungamo la Belhar, tamko la imani linalokataa ubaguzi kanisani, rasimu mwaka 1982, likapitishwa 1986. Kama wenyeji wenu ni wa PC(USA), yaani Kanisa la Presbiteri la Marekani, Belhar ni sehemu ya maungamo yao rasmi tangu 2016. Waulizeni kwa upole kama baraza lao limeshalisoma kikaoni.

MsomaNyaraka

Naongezea palipobaki wazi: wanatubu kosa gani hasa? "Utumwa" ni neno pana mno. Kanisa la miaka ya 1840 mjini Louisville lina kumbukumbu, na toba yao inapaswa kutoka humo.

Kazi inaanzia kwenye mihtasari ya vikao vya baraza lao. Waandike majina ya wazee, wadhamini na watoaji wakubwa wa jengo tangu kuanzishwa hadi Desemba 1865, maana Kentucky haikujitenga na Muungano, na utumwa wake ulifikia mwisho kisheria kwa marekebisho ya 13 ya katiba. Majina hayo wayalinganishe na orodha za watumwa za sensa ya 1850 na ya 1860. Anayeifungua mara ya kwanza ajiandae. Jina la mwenye mali limeandikwa, na chini yake hakuna jina la mtumwa. Ni umri, jinsia na herufi ya rangi, B (Mweusi) au M. Unakuta mstari wa mwanamke wa miaka 34, B. Chini yake mtoto wa kiume wa miaka 6, B. Chini yake kichanga wa kike wa miezi 4, M, yaani chotara. Orodha haisemi nani mama wa nani, kwa hiyo usiandike hitimisho. Lakini usipite haraka hapo.

Majina yanapatikana kwenye wosia na orodha za mirathi, ofisi ya karani wa kaunti. Humo mtu ameandikwa jina lake na bei yake, pamoja na ng'ombe na vitanda. Chanzo kingine ni daftari la ubatizo na la washirika la kanisa lenyewe: watumwa waliobatizwa huandikwa jina moja tu, kisha "wa fulani". Baada ya hapo ruka hadi sensa ya 1870, ya kwanza kuwaandika waliowekwa huru wote kwa majina kama raia wengine.

Watu huteleza hapa: wanadhani kila aliyeachwa huru alichukua jina la bwana wake wa mwisho. Wapo waliochukua la bwana wa zamani zaidi, na wapo waliojichagulia. Umri nao hukosewa kwa miaka kadhaa. Kila jina likaguliwe na watu 2, na lisitangazwe kanisani kabla wazao hawajaambiwa faraghani.

Wasiishie 1865. Louisville iliwahi kuwa na sheria ya mji iliyomkataza mtu Mweusi kuhamia kwenye nyumba ya mtaa wenye Wazungu wengi, na kinyume chake. Mahakama ya Juu iliifuta mwaka 1917, kesi ya Buchanan dhidi ya Warley. Miji mingi ya Marekani ikageukia sharti la kwenye hati ya ardhi, kwamba kiwanja kisiuzwe wala kukaliwa na asiye Mzungu. Mahakama zilikatazwa kulitekeleza sharti hilo mwaka 1948, na sheria ya makazi ya 1968 ikalifunga kabisa, lakini maandishi bado yamo kwenye hati nyingi. Wachukue hati ya kiwanja cha kanisa, ya nyumba ya mchungaji, na za nyumba walizopewa kwa wosia. Kisha mihtasari ya 1954 hadi 1970: nani aliomba ushirika akakataliwa, na kama kanisa lilihama mtaa, kikao kilitoa sababu gani.

Watu 4, jioni moja kwa wiki, miezi 6 hadi 8. Wawili kati yao watoke kanisa la Wamarekani Weusi, tangu kikao cha kwanza. Chuo Kikuu cha Georgetown, cha Wajesuiti (shirika la Wakatoliki), kinawahusu hapa: mwaka 1838 Wajesuiti wa Maryland waliuza watu 272 kwa dola 115,000, wakapelekwa Louisiana. Chuo kilipounda kamati ya kulichunguza suala hilo, wazao walilalamika kwamba hawakushirikishwa, na malalamiko hayo yalikuwa ya haki. Ibada ya kuomba radhi ilifanyika Aprili 2017, wazao wakiwepo, na jengo moja likapewa jina la Isaac Hawkins, mtu wa kwanza kwenye orodha ya mauzo.

NeemaYatosha

Wapendwa, nasoma kwa uchungu. Mtu anataka kupiga magoti, ninyi mnamwambia subiri miezi 8 tukague nyaraka? Roho akimgusa mtu leo atubu leo. Mkiwawekea vikwazo watarudi nyuma na hamtawaona tena.

KaraniWaSinodi

@NeemaYatosha ndugu yangu, hakuna anayemzuia kupiga magoti. Apige leo, mbele za Mungu, kanisani kwake. Tunachozuia ni kutangaza upatanisho kabla aliyekosewa hajaitwa. Mathayo 5:23-24 haisemi umalize sadaka kisha umtafute ndugu yako. Inasema uiache madhabahuni, uende kwanza. Na mwenye kovu usidhani kapoa.

MwekaHazina

Pesa isipotajwa, toba itabaki kwenye picha. Hesabu 5:7 inamtaka aliyekosa aungame, arudishe kamili, aongeze sehemu ya tano, ampe aliyemkosea. Zakayo aliahidi mara nne.

Mifano iliyokwisha kufanyika: seminari ya Kianglikana ya Virginia, mjini Alexandria, ilitenga mfuko wa dola milioni 1.7 mwaka 2019, na mwaka 2021 ikaanza kuwalipa wazao wa waliotumikishwa pale, hundi ya takriban dola 2,100 kwa mwaka. Kanisa la Uingereza lilikuta kwamba mfuko wake wa mwaka 1704 uliwekeza kwenye kampuni ya South Sea iliyosafirisha watumwa. Januari 2023 likatangaza pauni milioni 100 kwa miaka 9, na Machi 2024 kundi huru la ushauri likasema hazitoshi, lengo liwe bilioni 1. Kwa usharika wa kawaida napenda zaidi mfano wa United Parish, Brookline, Massachusetts: tangu 2021 wanatoa sadaka ya pekee kila wanapoimba nyimbo za kiroho zilizotungwa na watumwa, kwa ajili ya elimu ya muziki ya vijana Weusi. Watunzi hawakulipwa, basi angalau wimbo ulipiwe sasa.

Hesabu ya mfano: kanisa lenye bajeti ya dola 400,000 kwa mwaka likitenga asilimia 3 ni dola 12,000, miaka 5 ni 60,000. Ipitishwe kama kifungu cha bajeti kwa kura ya mkutano mkuu. Ikiwa sadaka ya hiari, itakufa siku mchungaji akihamishwa. Akaunti iwe ya pekee, na kamati ya matumizi iwe na wengi kutoka upande wa wanaopokea. Matendo 6 ndivyo ilivyofanyika: wajane wa Kiyunani walipopunjwa, walichaguliwa watu 7, majina yote ya Kiyunani, wakakabidhiwa mgao wote.

Hatari kubwa kwenu ninyi mzee ni hii: watasema pesa hiyo iwape Wakongo kodi ya nyumba na magari ya kuendea kazini. Ikatae kwa jina hilo. Msaada kwa wakimbizi ni mwema, upokeeni kama msaada, kwenye kifungu chake. Fidia ni deni, na anayelidai yuko mtaa wa pili.

MamaShemasi

Nawajibu wale wa "hayatuhusu". Yanatuhusu kwa njia mbili, na zote zinahitaji kazi.

Watoto wetu wanarithi hali ya mtu Mweusi wa Marekani, haki alizopigania na mzigo anaobeba. Lakini sisi wazazi tukikaa sebuleni tunawaita Wamarekani Weusi wavivu na wezi, na watoto wanasikia. Kabla ya ibada yoyote ya pamoja, baraza lenu lifanye vipindi 3 vya mafundisho kwa Kiswahili: sheria za ubaguzi, mitaa ilivyogawanywa, na jinsi Richard Allen na wenzake walivyonyanyaswa wakiwa kwenye maombi huko Philadelphia hadi kanisa la AME, la Wamethodisti Weusi, likaundwa mwaka 1816. Anayefundisha kipindi kimojawapo awe Mmarekani Mweusi, na alipwe.

Njia ya pili ni nyumbani mwetu. Kama Wanyamulenge wanakaa mistari ya kulia na Wabembe ya kushoto, makabila yaliyogombana huko Kongo, na kikombe kinapita bila watu kutazamana, wazee 5 watakaa vipi kwenye viti kuoshwa miguu kama mfano wa waliopatanishwa? Anzeni hilo kwa siri na taratibu, na mzee anayeaminiwa na pande zote mbili.

MzeeWaUsharika

Mungu awabariki. Kikao na wenyeji ni Alhamisi. Naomba maneno ya barua, yasiwe ya kuwavunja moyo. Na ungamo lao likoje likiwa zuri?

KaraniWaSinodi

Barua iwe fupi:

"Ndugu wapendwa, tunamshukuru Mungu kwa moyo wenu wa kutubu. Tunaomba mambo 3. Mchungaji wetu asitamke msamaha, kwa kuwa hatuna mamlaka ya kusamehe kwa niaba ya Wamarekani Weusi. Kuoshwa miguu na picha viondolewe. Ibada iahirishwe mpaka kanisa la Wamarekani Weusi la mji huu lishirikishwe tangu kupanga. Tuko tayari kuomba pamoja nanyi na kushiriki kutafuta nyaraka. Tunaomba pia mtuthibitishie kwa maandishi kwamba mkataba wa ukumbi hautegemei jambo hili."

Sentensi ya mwisho msiione aibu kuiweka. Wenye nia njema watafurahi kuijibu.

Ungamo baya linasomeka hivi: "Tunaomba radhi kama kuna yeyote aliyeumizwa na yaliyopita." Hakuna mtendaji, hakuna tendo. Zuri linasema: "Wazee wa kanisa hili, hawa kwa majina, walimiliki watu. Jengo hili lilijengwa kwa fedha zao. Mwaka fulani baraza letu lilimkataa fulani kwa rangi yake. Tumetenga kiasi hiki kwa miaka 5, na kila Januari tutasoma hesabu yake mbele yenu." Likishasomwa, pawe kimya. Asiwepo wa kujibu papo hapo. Jibu likija baada ya mwaka, au lisipokuja, ni haki yao.

MsomaNyaraka

Kuhusu kulifikia kanisa la Wamarekani Weusi: baraza la Wazungu ndilo liende, lisiwatume ninyi. Waende kusali kule Jumapili 2 au 3 bila kuomba lolote, wakae viti vya nyuma, watoe sadaka. Kisha waombe miadi na mchungaji, na waende na mihtasari ya vikao mkononi, kurasa ambazo hawajazichuja. Mkutano ufanyike kwa mchungaji huyo, saa atakayopanga yeye. Akisema hapana, wamuulize kama wanaweza kumwachia nakala.