Filamu ya Spider-Man ya 2002: walikuwa na haki ya kumbadilisha?

Mpiga Chapa: Wakuu, naleta hoja, msinirukie. Kwenye ile filamu ya Tobey Maguire utando unamtoka Spider-Man mwilini, kwenye kifundo cha mkono, kama jasho. Stan Lee na Steve Ditko hawakumtunga hivyo mwaka 1962. Kwenye kitabu cha katuni, Peter Parker, ndiye Spider-Man mwenyewe, ni yatima, analelewa na ndugu wa baba yake, nyumba yenyewe hela ya kuungaunga. Buibui anamuuma, sawa, anapata nguvu na kupanda kuta, lakini utando anautengeneza mwenyewe kwa akili yake, na mashine za kuurushia anazifunga mkononi. Filamu ikamnyima hiyo kazi. Kilichobaki ni mtu aliyeumwa na mdudu akabahatika. Mimi nasema ukimchukua shujaa wa katuni, mfuate alivyo. Huwezi? Tunga wako.

Konda Mstaafu: Mtoto wa shule atengeneze gundi ya kumbeba mtu kati ya maghorofa, na asiwe hata na hela ya kununua gari? Angeiuza, habari ikaisha. Sam Raimi, mwongozaji wa filamu, alitupunguzia maelezo. Tena wazo si lake, mwongozaji mwingine, James Cameron, alishaliandika kabla, filamu ikamponyoka.

Binti Kurasini: Konda, buibui kumuuma mtu akapanda ghorofa unaamini. Gundi ndiyo imekushinda?

Konda Mstaafu: Dada, jibu hoja. Marekani pekee, wikiendi ya kwanza, ilivuka dola milioni 100. Kabla ya hapo hakuna filamu iliyofika. Watu walilipa na hawakudai chenji.

Mpiga Chapa: Daladala za Mbagala zinajaa kila jioni, haina maana tunapenda kubanwa.

Konda Mstaafu: Usiniingize kwenye daladala. Nilikuwa konda miaka mingi, sijawahi kumbana mtu asiyetaka kufika.

Profesa wa Sinza: Nimesoma nikacheka. Nusu ya wachangiaji hapa waliiona kwenye kibanda umiza, vile vibanda vya video vya mtaani, imetafsiriwa, jamaa anaongea juu ya sauti mwanzo mwisho. Hao hawakuona filamu, walimsikiliza jamaa. Sasa wanajadili nini?

Fundi Redio: Profesa umekurupuka. Mimi niliionea kibandani Temeke, na naikumbuka kuliko wewe. TV ya chogo juu ya kreti, mabenchi matatu, waliochelewa wamekaa chini. Ile sehemu Osborn, yule tajiri anayegeuka Goblin, adui wa Spider-Man, anaongea na kioo, mtafsiri alifanya sauti mbili. Osborn akawa baba wa watu, mpole. Yule wa kwenye kioo akaongea kama dalali wa viwanja: "Mzee, saini hapa, wenzako wameshachukua." Kibanda kizima kilielewa kwamba mtu anajishawishi mwenyewe kuingia kwenye ubaya. Hakuna aliyehitaji cheti.

Profesa wa Sinza: Ndicho ninachosema. Goblin hakusema maneno ya viwanja. Ulidanganywa na ukalipia.

Mama Lishe Buguruni: Mwanangu Profesa, mimi Kiingereza sina na aibu sina. Nikifunga biashara jioni, mtu akinieleza huyu kamwambia nini yule, mimi nacheka na kulia kama wengine. Wewe uliyeielewa peke yako ulilia?

Profesa wa Sinza: Mama, heshima yako. Sijasema watu wasitazame. Nasema wasijifanye wahakiki.

Binti Kurasini: Na wewe uhakiki umeutolea wapi?

Profesa wa Sinza: Mlimani, chuo kikuu.

Binti Kurasini: Mlimani watu wengi wamepita. Wengine walipita na daladala.

Konda Mstaafu: Na nauli hawakulipa, nawakumbuka.

Profesa wa Sinza: Mkiishiwa hoja mnahamia kwenye matusi.

Fundi Redio: Hakuna aliyekutukana. Wewe ndiye uliyeanza na "hao".

Mpiga Chapa: Jamani turudi. Mfano mwingine. Kitabuni, 1973, Goblin anamtupa Gwen Stacy kutoka darajani. Spider-Man anamdaka kwa utando na binti anakufa vilevile. Wasomaji hawakuamini, mpenzi wa shujaa hakuwa wa kufa. Filamu ya 2002 ikachukua daraja na Goblin, ikamweka Mary Jane, mpenzi wa filamuni, halafu akapona! Umebeba jeneza, maiti umeiacha.

Fundi Redio: Sisi tulipiga makofi alipopona.

Konda Mstaafu: Mpiga Chapa, nina swali. Filamu ya 2012 ilimrudishia mashine zake za mkononi. Iliyofuata, 2014, ikamuua Gwen kama unavyotaka, ila kwenye mnara wa saa. Zilifuata kitabu. Mbona hukuanza na hizo? Mbona hata wewe, ukitaka mfano, unakimbilia ile iliyobadilisha?

Mpiga Chapa: Nitakujibu, niko barabarani.

Mzee wa Sani: Vijana, mnatoana macho kwa Spider-Man, mtoto wa Queens, New York. Sisi tulikuwa na gazeti la katuni la Sani: Lodilofa, Kipepe, Ndumilakuwili. Likitoka, nyumba nzima inaligombea, anayesoma kwa sauti ndiye bosi. Mbona hao hamuulizi filamu zao kubwa ziko wapi?

Binti Kurasini: Shikamoo mzee. Lodilofa lakini ni lofa, jina lake linasema. Tunatafuta shujaa.

Mzee wa Sani: Marahaba binti. Na Peter Parker ana kazi gani? Anauza picha kwa gazeti linalomtukana kila siku. Huyo kwetu ni lofa.

Mama Lishe Buguruni: Hapo mzee umenikosha.

Fundi Redio: Shujaa tunaye, Fumo Liyongo wa kwenye tenzi za zamani. Mnakumbuka? Kafungwa, mama yake anamtumia mkate wa wishwa, ndani umefichwa tupa ya kukatia chuma. Nje ngoma na matari vinapigwa kwa nguvu, ndani yeye anakata minyororo, hakuna anayesikia. Hiyo ipige picha vizuri uone kama hutasimama kwenye benchi.

Konda Mstaafu: Si ndiye aliyechomwa mkuki na mkewe?

Mzee wa Sani: Mkuki wapi! Sindano ya shaba, kitovuni, na aliyemchoma ni mtoto wake wa kumzaa, akiwa usingizini. Akaamka, akachukua upinde, akapiga goti karibu na kisima na mshale tayari. Watu wakaogopa kwenda kuteka maji, kumbe mwenzao ameshakufa palepale alipopiga goti. Utenzi wa Muhammad Kijumwa wa 1913 uko wazi, someni.

Profesa wa Sinza: Kwa taarifa yenu Liyongo ni wa pwani ya Kenya, Pate huko. Si wa Dar.

Fundi Redio: Na Spider-Man ni wa Tandika?

Binti Kurasini: Mimi nina wasiwasi na mwisho. Mwenye hela za kutengeneza atasema Liyongo asife, ili ipatikane sehemu ya pili.

Konda Mstaafu: Ni kweli. Apone. Sindano impate pembeni kidogo.

Mpiga Chapa: Apone?! Sindano ya shaba ndiyo siri yake, hakuna silaha nyingine ya kumuua. Mtoto kaahidiwa kuoa binti wa sultani, kamsaliti baba yake kwa hilo. Akipona, mtoto kamsaliti nani? Bora msitengeneze!

Konda Mstaafu: Umefika salama kumbe. Swali langu la mwaka 2014 liko palepale juu.

Mama Lishe Buguruni: Mimi nampigia kura apone. Mama yake kashatoa mkate.

Fundi Redio: Wakiongea kile Kiamu, Kiswahili cha Lamu cha kwenye utenzi, hapa mjini itabidi watafute mtafsiri, na Profesa atakaa benchi la mbele.

Profesa wa Sinza: Kiamu nakisoma bila shida.

Konda Mstaafu: Sawa, tuseme hela zimepatikana. Nani anacheza Liyongo? Mtu mrefu, mwenye kifua, anayejua kukaa kimya kwenye kamera. Na tafadhali msinitajie wasanii wa muziki.

Binti Kurasini: Nilikuwa nimeshaandika jina. Nimefuta.