Mrejesho: Mabati yaliyoandikwa geji 30

Wadau, niliuliza nifanyeje na duka la Kampala lililoniuzia mabati yenye chapa ya geji 30 (geji ni kipimo cha unene wa bati), kumbe ni membamba kuliko hiyo. Asanteni sana mlionijibu.

Kilichosaidia ni kuyapima kwa mikromita, yaani kifaa cha kupimia unene, mbele ya muuzaji, risiti yenye neno "geji 30" ikiwa mezani. Kisha nikampa barua ya madai nikitaja Sheria ya Mauzo ya Bidhaa ya 2017: mali lazima ilingane na maelezo yake. Aliposikia mahakama ya madai madogo, yasiyozidi shilingi milioni 10, akarudisha pesa za mabati. Gharama ya lori na ujira wa fundi amegoma kulipa, na inaniuma.

Sheria ya Ushindani ya 2023 haikunifaa. Hiyo inawabana wanaopanga bei pamoja.